Orodha ya Chaki Kwenye Meza ya Kukatia

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani, na kila alichotaka kukikumbuka alikiandika kwa chaki kwenye meza yake ya kukatia nguo, pembeni kabisa, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Hapo ndipo alipoandika mambo matano aliyotaka kulifanyia gari lake. Ekzosi pana. Springi ngumu. Chujio la hewa. Matairi. Rejeta ndogo ya giaboksi. Hilo la mwisho aliliandika kwa herufi ndogo kuliko mengine, kwa sababu halikuwa na sauti wala sura, na yeye alitaka gari lisikike.

Duka letu lilikuwa Muhima, kwenye mteremko unaoshuka kutoka mjini kwenda Nyabugogo. Babu wa baba yangu alifika Kigali na marobota ya vitambaa kutoka pwani, akaoa hapo, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu watu wamekata nguo, wamefunga Ramadhani na kusema Kiswahili mbele ya majirani wanaojibu kwa Kinyarwanda. Kaka alikuwa amenizidi miaka tisa. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyebaki mwenye nyumba: mama, mimi, na yeye.

Mguu wake wa kushoto ulipatwa na polio akiwa mtoto, nao ukaacha kukua. Cherehani aliikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, kwa nguvu na bila kuchoka, hata sauti yake ukiisikia kutoka barabarani ungedhani ni watu wawili. Lakini kupanda mlima wa Muhima kwa fimbo kulimchukua nusu saa, na alifika juu akiwa ameloa jasho, akijifanya anatazama bidhaa za watu dirishani ili apate kupumua.

Vita vilipoanza mpakani, mwezi wa kumi wa mwaka wa tisini, wageni wengi waliondoka. Mmoja wao, mwalimu aliyekuwa akileta suruali zake zipunguzwe kiuno, alikuja kuchukua ya mwisho akasema anauza gari. Lilikuwa gari la Kijapani, jeupe, la milango miwili, lililolala chini kama paka anayenyemelea, na taa zake zilijificha ndani ya boneti zikainuka ukibonyeza kitufe. Hakuna aliyelitaka. Lilikuwa otomatiki, na mjini ilijulikana kwamba otomatiki ikiharibika hakuna mkono wa kuitengeneza.

Kaka alikwenda kuliona Remera, karibu na uwanja wa mpira. Aliingia, akaushika mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akauweka pembeni kama mtu anayeweka mwavuli wake. Akatazama chini. Palikuwa na pedali mbili tu. Alizitazama muda mrefu mno, nikadhani ameona kitu kimevunjika.

"Dada," akaniita, na mimi nilikuwa bado msichana wa shule, hakuwa na sababu ya kunipa heshima hiyo. "Hii ilitengenezwa na mtu anayenijua."

Ndani ya buti mwalimu alisahau magazeti ya magari, ya Kifaransa, kifungu kizima kimefungwa kwa kamba. Kaka hakujua Kifaransa cha kusoma. Mimi nilijua. Kwa hiyo kila siku baada ya shule nilikaa juu ya meza ya kukatia, nikining'iniza miguu, nikasoma kwa sauti huku nikigeuza kila sentensi kuwa Kiswahili, naye akishona chini yangu. Hivyo ndivyo tulivyolichagulia gari lile kila kitu. Sijawahi kusoma kitabu na mtu yeyote kwa mapenzi kama yale.

Nilisoma kuhusu ekzosi pana inayoiachia injini pumzi. Alisimamisha cherehani. "Rudia hapo." Nilirudia. Nilisoma kuhusu springi fupi zinazoliinamisha gari na kulizuia kuyumba kwenye kona. "Kama pindo," akasema, "ukilikaza, nguo inakaa." Kila jambo la gari alilipitisha kwenye nguo kwanza, ndipo akalielewa. Nilichoruka ni kurasa za mwisho, zile za maandishi madogo zenye matunzo na maonyo. Zilinichosha. Hakuniuliza kama zipo.

Makanika wetu alikuwa mzee kutoka Bukavu, mwenye gereji nyuma ya maduka ya Nyabugogo, mtu mnene aliyekula karanga huku akifikiri. Tulimpelekea orodha, nimeinakili kwenye karatasi. Aliisoma, akaweka karanga mdomoni, akacheka.

"Patroni, hapa umeandika kelele nne na dawa moja. Na dawa umeiweka mwisho."

"Dawa gani?"

"Rejeta ya giaboksi. Hii mji ni milima, ndiyo? Otomatiki kwenye mlima inatoa jasho. Mafuta yake yanapata moto, yanageuka uji. Wewe unaongeza nguvu, unaongeza moto. Utaenda na sauti nzuri sana mpaka siku itakufia."

"Lakini rejeta haisikiki, mzee."

"Hata ini yako haisikiki. Itoe basi."

Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. Tuliporudi dukani alilowesha kidole, akafuta rejeta mahali ilipokuwa, akaiandika juu kabisa, safari hii kwa herufi kubwa. Chini yake akaongeza jambo la sita, ambalo mzee alimweleza tukiwa tunaondoka: kifurushi cha springi ndogondogo na kibati, vinavyowekwa ndani ya giaboksi ili ibadilishe gia kwa mkato mmoja, bila kutelezateleza. Rejeta ni ya kulinda, mzee alisema, kifurushi ni cha utamu.

Vitu vilikuja kimoja kimoja kutoka Dar es Salaam, kwa lori la mjomba aliyekuwa akipita mpaka wa Rusumo kila alipopata mzigo. Rejeta ilifika imefungwa ndani ya kanga ya mama mdogo, ambaye nyumba yake ilikuwa njiani. Springi zilifika baada ya miezi mingi. Ekzosi haikuja, kaka akachomelewa moja hapohapo Nyabugogo, nayo ilitoa sauti nzito ya mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo la maana. Matairi aliyaahirisha. Kifurushi cha gia kilifika mwisho, ndani ya bahasha ya kawaida, chepesi kama barua.

Vijana wenye magari walikutana Jumapili asubuhi pale chini Nyabugogo, wakapanda mlima kwa kushindana, mpaka juu mjini. Walimwona kaka akija na gari lake.

"Hilo ni gari la masista!" akapiga kelele mmoja, mwenye gari jekundu la kubadilisha gia kwa mkono. "Linajibadilisha lenyewe! Wewe humo ndani unafanya nini, unasali?"

"Nasali usibaki nyuma sana, sha," kaka akamjibu, akimwita rafiki kwa Kinyarwanda. "Mama yako atanilaumu."

Mara tatu walimshinda. Mara tatu nilikaa kando yake nikasikia giaboksi ikisitasita kwenye kona ya katikati, kama mtu aliyesahau neno, na gari jekundu likitupita. Baada ya kifurushi kuwekwa ilikuwa tofauti. Gia ilipobadilika nilihisi ngumi ndogo mgongoni. Kwenye kona ile haikusita. Kaka hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu kwa midomo, kama anavyohesabu mishono, na tulipofika juu gari jekundu lilikuwa bado chini yetu, likilia.

Alisimamisha gari. Akatoka. Alisimama pale juu, ameegemea mlango kwa kiwiko, akiutazama mji, na ilipita dakika nzima kabla sijagundua kwamba fimbo yake imebaki ndani kwenye kiti cha nyuma. Hakuwa anahema. Alikuwa juu ya mlima wa Muhima na hakuwa anahema.

Nikimkumbuka, nataka kumkumbuka hapo. Kumbukumbu haikubali kusimama hapo.

Kufikia mwaka wa tisini na tatu nilikuwa nimemaliza shule na nimepata leseni, naye akaniachia gari siku za kazi ili nipeleke nguo kwa wateja: suti Remera, gauni la harusi Kabeza karibu na njia ya uwanja wa ndege, sare za wahudumu wa hoteli. Petroli ilikuwa imeadimika. Kaka alipanga foleni tangu alfajiri, ameketi juu ya dumu, mguu mbaya umenyooka mbele yake barabarani, watu wakiuruka. Nilimwona hivyo mara nyingi. Iliniuma.

Kila dereva wa Kigali alikuwa na ujanja mmoja wakati ule. Mji una miteremko mingi, na kwenye mteremko uzito wa gari unatosha: unatoa gia, unazima injini, unaliacha lishuke lenyewe, kimya, mpaka bondeni. Ukifika chini unawasha. Teksi zilifanya hivyo, malori ya bia yalifanya hivyo, hata gari la padri. Asubuhi ungeweza kusimama dukani kwetu ukaona magari yakishuka Muhima bila sauti, kama maji.

Nami nikafanya. Kutoka Kimihurura hadi bondeni. Kutoka mjini hadi mlangoni kwetu. Nilisogeza kile kirungu cha gia, nikazima injini, nikasikia upepo na matairi tu, na nakiri kwamba nilipenda ule ukimya. Nilijiona nashona petroli, tone kwa tone, kwa ajili ya mguu ule uliokuwa ukirukwa na watu. Sikumwambia. Nilitaka ashangae mwenyewe.

Akashangaa. Alitazama mshale wa tangi, akanitazama mimi.

"Dada, wewe unaendesha vipi? Gari haili kabisa!"

"Nina mguu mwepesi."

"Mama, umesikia? Mtoto wako ana mguu mwepesi. Mimi mmoja mzito, yeye wote wepesi, ndiyo haki hiyo?"

Mama alicheka jikoni. Nilifurahi wiki nzima. Niliendelea kwa miezi.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nne mji ulikuwa umebadilika hata hewa yake. Bariyeri, vizuizi vya kukagua watu, ziliota barabarani. Mtu alisimamishwa, akatoa kitambulisho, na mstari mmoja kwenye kitambulisho, ule wa kabila, ukaamua atapita kwa namna gani. Wetu haukuwa mstari mzuri. Mama hakutaka kuzungumza habari hiyo. Alizungumzia dada yake aliyeolewa Ngara, upande wa Tanzania, jinsi hajamwona miaka mingi. Kaka alielewa. Akasema baada ya Idd atatupeleka kwa gari, sote watatu, mpaka Rusumo na kuvuka. "Nalo lina rejeta," akasema. "Milima yote hiyo halitatoa jasho."

Lilikufa katikati ya Ramadhani. Nilikuwa narudi kutoka Kabeza. Bondeni niliwasha injini kama kawaida, nikasogeza kirungu, nikakanyaga, na injini ikanguruma bila gari kwenda popote. Kulikuwa na harufu kama ya nguo iliyosahaulika chini ya pasi. Watu walinisaidia kulisukuma pembeni.

Mzee wa Bukavu alifungua kizibo chini, akapokea mafuta kwenye kiganja. Yalikuwa meusi. Aliyanusa, akampa kaka naye anuse.

"Imeungua ndani. Zile sahani zenye kitambaa zimekwisha zote. Giaboksi ilikosa mafuta." Akafikiri. Hakuwa na karanga siku hiyo. "Gari lilivutwa? Kuna mtu alilivuta kwa kamba, injini imezimwa? Pampu ya mafuta inazungushwa na injini. Injini ikizimwa na magurudumu yakaenda, ndani kunakauka."

"Halijavutwa hata siku moja," kaka akasema.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Niliona miteremko yote, mmoja mmoja, na ukimya wake.

"Basi sijui," mzee akasema. "Labda kile kifurushi. Kinapiga gia kwa nguvu. Sikufikiri kitafanya hivi, lakini labda."

Kaka aliinamisha kichwa. "Ni mimi," akasema. "Wewe ulisema rejeta, rejeta inatosha. Mimi nikataka na utamu."

Ningesema wakati huo. Ilikuwa sentensi fupi: nilikuwa nazima injini. Mdomo ulikuwa mkavu kwa saumu, nikajiambia nitamwambia baada ya kufuturu. Baada ya kufuturu mama alikuwepo. Kesho yake nilifungua yale magazeti, kurasa za mwisho nilizokuwa naruka, na lilikuwepo, mistari miwili ya maandishi madogo: gari la namna hii lisivutwe wala lisiachwe kuteremka injini ikiwa imezimwa. Nililifunga gazeti. Nilikuwa msomaji wake wa pekee, na nilimchagulia cha kusikia.

Mjomba alipita na lori baada ya Idd. Ndani, mbele, kulikuwa na nafasi ya watu wawili. Nyuma mzigo ulikuwa umefungwa mpaka juu, na pale juu mtu mwenye mguu ule asingeweza kukaa saa zote zile. Kaka alikata shauri kabla hatujaanza kubishana. Tutangulie mimi na mama. Mjomba atatafuta giaboksi iliyotumika Dar, ataileta safari ijayo, mzee ataifunga kwa siku mbili, naye atatufuata.

"Siwezi kuliacha gari na kutembea," akasema, akijaribu kutabasamu. "Mnajua mimi na kutembea."

Siku ya kuondoka alishuka mlima kwa fimbo kutusindikiza mpaka Nyabugogo. Alikuwa ameloa jasho. Alinipa kile kifungu cha magazeti, kamba yake imekazwa upya kwa fundo la fundi.

"Wewe ndiye utakayechagua na mjomba. Msichukue yenye haraka. Mimi nilichagua haraka, unaona ilivyotuweka. Chukueni inayodumu."

"Kaka."

"Nini?"

Lori lilikuwa limeshawashwa. Mama alikuwa analia. Mjomba alipiga honi.

"Nitakuambia ukifika," nikasema.

"Basi iwe habari nzuri, sha," akajibu, akaufunga mlango wa lori kwa nje, akaugonga mara mbili kwa kiganja.

Tulichagua. Mjomba alinipigia simu posta ya Ngara akiwa Dar, akanisomea namba zilizogongwa kwenye chuma, nami nikazilinganisha na gazeti. Ilikuwa giaboksi nzuri, iliyotoka kwenye gari la mtu mzima mwenye adabu. Ilikuwa ndani ya lori, njiani, wakati Aprili ilipoingia na barabara ikafungwa. Lori liligeuzia Rusumo. Giaboksi ilishushwa nyuma ya jiko la mama mdogo, ikafunikwa kwa gunia, na kuku wakaanza kulala juu yake.

Watu walianza kuvuka daraja la Rusumo wakikimbia. Nilisimama kando ya barabara siku nyingi. Sikutazama nyuso. Nilitazama miguu.

Tulirudi Kigali mwezi wa nane. Jirani wa juu, mama aliyekuwa akiuza mkaa, ndiye aliyetueleza. Ilikuwa katika wiki ya kwanza. Watu wa mtaa walikuwa wanakimbia kupanda mlima kuelekea msikitini na kanisani, kokote, na kaka naye alikuwa anapanda. Bariyeri ilikuwa pale kwenye kona ya katikati. "Wengine walipita kwa kukimbia," alisema. "Yeye alikuwa anatembea."

Gari lilikuwa limetoweka kwenye gereji, na mzee wa Bukavu pia. Cherehani ilikuwa imechukuliwa, vitambaa, milango, hata mabati upande mmoja. Meza ya kukatia ilibaki, kwa sababu ni nzito na haipiti mlangoni. Baba aliijengea mle ndani.

Orodha ya zamani ilikuwa imefutwa. Niliona duara lililoachwa na kitambaa chenye maji. Mahali pake, kwenye pembe ile ambapo nguo haifiki, palikuwa na orodha mpya, kwa mwandiko wake, iliyoandikwa baada ya sisi kuondoka.

Toa kifurushi cha gia. Rudisha ekzosi ya zamani. Rudisha springi za zamani. Kila kitu kiwe kama mwanzo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: rejeta ibaki.

Nilisoma kwa sauti, kama zamani. Halafu nikafungua droo kutafuta chaki, na hapakuwa na chaki, wala sindano, wala chochote. Juu ya meza kulikuwa na vumbi la miezi. Nikaandika kwa kidole, chini ya maneno yake, ile sentensi fupi: nilikuwa nazima injini.

Nikabaki nimesimama pale, mkono ukiwa bado juu ya meza, kama mtu aliyeuliza swali dukani anangoja fundi ainue kichwa.